Wiki ya 29, miguu haitulii: kisa cha mama wa Pipeline aliyeambiwa "ni kawaida"

Huyu mama alifika kwetu kliniki akiwa na mimba ya wiki 29, ya pili, na kwa kile kijitabu chake cha Mama na Mtoto mtu alikuwa ameandika mara mbili, visit mbili tofauti, kitu kama hiki: hapati usingizi, ni kawaida, ashauriwe kupumzika. Sasa mtu amekuja kulalamika hawezi kupumzika na dawa anayopewa ni kuambiwa apumzike. Kisa nimekiandika kwa ruhusa yake na kuna vitu vya maisha yake nimebadilisha ndio asijulikane, lakini mambo ya matibabu nimeacha venye yalikuwa.

Na kabla mtu aniruke, ni kweli kabisa wajawazito wengi hukosa usingizi, karibu wanne kati ya kumi ukipima vizuri, na inazidi miezi ya mwisho. Shida yangu si hilo neno kawaida. Shida ni kwamba likishatamkwa, maswali yanaisha hapo hapo, na huyu mama alikuwa na vitu vinne tofauti vinamnyima usingizi, kimoja kikiwa ugonjwa wenye kipimo na dawa.

Anaishi Pipeline, mtaa wa Nairobi, zile ghorofa zimebanana mpaka dirisha lako linaangalia dirisha la mwenzako, yeye yuko ya tano. Anauza mitumba ya watoto soko la Gikomba. Bwanake ni soja wa usiku kwa kampuni ya ulinzi kwa hivyo usiku mwingi ako peke yake na mtoto wa miaka miwili, ambaye alikuwa ametoka kunyonya juzi juzi tu wakati mimba hii iliingia. Shika hapo kwa mimba kufuatana karibu, tutarudi.

Nilimuuliza usiku wake uko vipi, akaanza na yale ya kawaida, "sista mimi silali tu." Hiyo haisaidii mtu. Nikamwambia anipeleke saa kwa saa kutoka anavyofika nyumbani, pole pole, na anieleze kama shida ni usingizi kukataa kuja, ama unakuja halafu anaamka, ama anaamka alfajiri na haurudi. Ni vitu tatu tofauti na kila moja ina njia yake.

Basi akaeleza. Anafika saa moja jioni, anapika, wanakula kama saa tatu, ugali na sukuma siku nyingi, kisha chai ya maziwa kikombe kikubwa na hapo hapo anameza ile tembe nyekundu ya damu, ya madini ya chuma, kwa sababu na maji inamtoa kichefuchefu. Saa nne yuko kitandani. Ndani ya dakika kumi miguu inaanza. "Si uchungu sista. Ni kama miguu inataka kuondoka bila mimi." Akiinyoosha inatulia kidogo, akiiacha inarudi, mpaka ashuke kitandani atembee, sebuleni mpaka jikoni, jikoni mpaka sebuleni, na nyumba yenyewe ni ya chumba kimoja na pazia kwa hivyo unaeza jua hiyo safari ni ya hatua ngapi. Akitembea inaisha kabisa. Akilala inarudi.

Na wakati ananiambia hayo yote alikuwa amekaa kwa kiti cha plastiki na visigino vyake havikuwa vimetulia hata mara moja, kimoja juu kimoja chini, na sidhani alikuwa anajua. Ilikuwa saa kumi alasiri. Hiyo saa ndio ilinishtua zaidi, ju hii shida ya miguu hupenda kuanza jioni na kuzidi usiku, na kwake ilikuwa imeshaanza.

Kuna kitu kingine. Alipofungua mkoba kutoa kijitabu kikaanguka kikaratasi cha mawe, yale mawe laini, odowa, yenye unanunua hata sokoni kwa pesa kidogo. Nikamuuliza anakula kiasi gani, akacheka kwa aibu, akasema siku nyingine ni kikaratasi kizima, akikosa hata harufu ya mvua kwa vumbi inamtoa mate. Watu wengi wanachukulia odowa kama mzaha wa wajawazito, lakini hamu ya kula mawe, udongo ama barafu mara nyingi huenda pamoja na upungufu wa madini ya chuma mwilini, na mbaya zaidi udongo wenyewe unaweza kushika chuma tumboni kisipite kuingia damuni. Kwa hivyo miguu isiyotulia jioni, mawe kwa mkoba, mimba mbili zimefuatana kabla akiba ya chuma irudi, na tembe inamezwa na chai. Kufikia hapo sikuwa natafuta tena "stresi".

Lakini ukishapata kitu kimoja usiharakishe kufunga faili, kuna vingine lazima uvipite. Presha yake ilikuwa 112 kwa 70, mkojo hauna protini wala sukari wala dalili ya infekshoni (muhimu, ju mtu anayekojoa usiku mara nyingi anaweza kuwa na hizo mbili za mwisho na kila mtu anasema ni mtoto amekalia kibofu). Nikauliza kama viganja na nyayo zinamwasha usiku, akakataa. Hilo swali watu huliruka na halifai kurukwa, ju kuwashwa viganja na nyayo usiku miezi ya mwisho bila upele kunaweza kuwa ni shida ya ini, na hiyo inataka kipimo haraka, si losheni. Kukoroma sasa, bwanake hayuko usiku, nani atasema? Tukapiga simu kwa dadake aliyekuwa amelala kwake wikendi, akasema hakoromi, anatembea tu kama mlinzi. Kisha nikamuuliza ya moyoni, kama ana siku anaona hakuna maana, kama vitu alivyokuwa anafurahia bado anavifurahia, kama amewahi kufikiria kujiumiza. Alilia kidogo, lakini ilikuwa machozi ya kuchoka, bado anacheka na mtoto, bado anapenda kazi yake. Ningepata jibu lingine hapo hiki kisa kingekuwa kingine kabisa.

Tukatuma damu. Hemoglobini ilirudi 10.4, na kwa mjamzito miezi ya mwisho chini ya 11 ni upungufu wa damu, ingawa 10.4 ni ile namba watu huangalia wakasema "si mbaya sana". Feritini, ambayo ndio inaonyesha akiba ya chuma, ilirudi 9. Mjamzito akiwa chini ya 30 tayari tunasema akiba imeisha. Tisa ni kama pochi iko tupu na bado unaitisha matatu.

Sasa miguu na chuma zinahusiana vipi. Ubongo unahitaji chuma kutengeneza dopamini, na dopamini ni moja ya kemikali zinazosimamia mwendo wa mwili. Chuma kikipungua, huo usimamizi unalegea, na kwa kuwa dopamini yenyewe hushuka jioni, shida inatokea wakati mtu anataka kutulia. Mimba inazidisha kwa sababu miezi mitatu ya mwisho ndio mtoto anavuta chuma nyingi zaidi kujiwekea akiba yake, na hachukui kwa adabu, anachukua tu. Karibu mjamzito mmoja kati ya watano hupata hii miguu isiyotulia. Ni tofauti na kukazwa misuli, ile ya mguu kushika fundo usiku ukapiga nduru. Ile inauma na iko mahali pamoja, hii haiumi hivyo, ni hamu ya kusogea tu ambayo haikuachi.

Hapa ndio nafika kwa kitu kingine alichokuwa amemeza, vidonge vya njano. Kama wiki tatu kabla aje kwetu alikuwa ameenda kemisti karibu na steji akasema hapati usingizi, akauziwa vile vidonge vidogo vya aleji vinavyolewesha, akaambiwa ni salama kwa mimba. Sitaki vita na watu wa kemisti, wanasaidia watu wengi usiku. Lakini dawa za aleji za zamani, zile zinazoleta usingizi, zinajulikana kuzidisha miguu isiyotulia. Na yeye mwenyewe alikuwa ameona, akasema bila kuulizwa, "hiyo wiki ndio nilitembea mpaka adhana ya alfajiri." Alidhani ni dozi ndogo akaongeza. Dawa zingine za kuzuia kutapika pia hufanya hivyo hivyo, kwa hivyo mtu akija na miguu inamsumbua angalia kwanza amemeza nini.

La pili ni chai, nayo ilikuwa inafanya kazi mbili mbaya kwa wakati mmoja. Tanini ya majani na kalsiamu ya maziwa zote zinazuia chuma kuingia, kwa hivyo ile tembe yake ya miligramu 60 za chuma na miligramu 0.4 za foliki asidi, ile wanapewa bure kliniki, alikuwa anaimeza kwa uaminifu halafu chuma nyingi inatoka ilivyoingia, anabaki na kufunga choo tu. Halafu kafeini. Kwa mtu wa kawaida nusu ya kafeini huwa imetoka mwilini ndani ya kama saa tano. Mjamzito wa miezi mitatu ya mwisho anaweza kuchukua saa 15, ini linaifanyia kazi pole pole sana. Kwa hivyo kikombe cha saa tatu usiku kinaamka naye. Yeye hakuwa anahesabu chai kama kafeini kabisa, kafeini kwake ilikuwa kahawa ya watu wa ofisi.

La tatu sikuligundua kwa kipimo chochote. Pale kwao maji huja usiku, siku mbili kwa wiki, saa yoyote. Basi kila usiku, si zile siku mbili tu, alikuwa anaacha mfereji wazi na sufuria tupu chini yake ndio maji yakianza kudunda kwa sufuria asikie aamke ajaze mitungi. Fikiria hapo. Mtu ameweka kengele ya maji kando ya kichwa na hajui italia leo ama kesho, sikio halilali. Halafu yakija anabeba mitungi ya lita ishirini na tumbo la miezi saba.

La nne ni simu. Akishashindwa na miguu na maji anaingia kitandani na simu, na alikuwa amesoma mahali kwamba mjamzito akilala chali mtoto anaweza kufa tumboni. Kuanzia siku hiyo alikuwa analala upande wa kushoto amekakamaa kama ubao, akishtuka amegeuka anaanza kuomba na kusubiri mtoto apige teke. Hiyo habari ina ukweli ndani yake na ndio maana ni ngumu kuiondoa: kuanzia wiki ya 28 inashauriwa uanze usingizi kwa ubavu, ju kuanza usingizi chali kumehusishwa na mtoto kufia tumboni. Lakini ubavu wowote, hata wa kulia, ni sawa, na ukiamka ukajikuta chali unageuka tu unaendelea kulala. Hayo hakuna mtu alikuwa amemwambia. Nilipomwambia "hata kulia", alishusha mabega.

Usingizi ulikuwa unamshika saa kumi alfajiri. Bila bwanake kurudi saa mbili asubuhi na kumchukua mtoto asingeamka saa nne, lakini alikuwa anarudi, na anampenda, kwa hivyo anamwachia alale. Halafu mchana kule Gikomba analala juu ya mabelo saa nzima ama zaidi. Sasa jioni mwili hauna njaa ya usingizi. Mapenzi ya bwana yanaharibu matibabu, na jaribu kumwambia hivyo mbele ya bwana mwenyewe.

Tulifanya nini. Daktari alipandisha chuma mpaka dozi ya matibabu, miligramu 120 kwa siku, na mimi nikapanga namna ya kumeza: katikati ya asubuhi, na machungwa ama maji ya ndimu, chai isikaribie kwa masaa mawili kabla wala baada. Kichefuchefu kilirudi siku za kwanza, tukagawa dozi mara mbili kikapungua. Choo cheusi nilimwonya mapema ndio asishtuke. Chakula pia, omena, ndengu, managu na nyanya mbichi pembeni, lakini niseme ukweli feritini ya 9 wiki ya 29 huwezi kuipandisha kwa mboga peke yake kabla mtoto azaliwe, na kama tembe zingekataa ama angekuja amechelewa zaidi tungeongea habari ya chuma cha dripu. Vidonge vya njano vikaachwa siku hiyo hiyo. Odowa tukakubaliana apunguze, sikumwambia "wacha kabisa" ju angeniitikia tu aende akale kwa choo.

Chai ndio ilikuwa kesi. Baada ya hiyo visit mama mkwe wake alikuja kukaa nao akisubiri mtoto, na ndiye akawa anapika chai ya jioni, na kwao kumnyima mjamzito chai ni kama kumtesa. Nilimwomba aje naye. Nikamwambia, "Mama, hakuna mtu anamkataza chai. Tunaihamisha tu ije mchana, ndio damu ya mjukuu wako ipate nafasi usiku." Akaniangalia, akasema "basi uji?" Nikasema uji wa usiku uko sawa, mapema kidogo ndio kiungulia kisipande. Hapo nikapata msimamizi wa matibabu kunishinda mimi, ju kutoka siku hiyo nasikia majani ya chai yalikuwa yanafichwa kuanzia chakula cha mchana.

Maji: kijana wa jirani alikubali kujaza mitungi yao akijaza yao, kwa shilingi hamsini, na mfereji ukafungwa. Nafikiri kwa wiki ya kwanza hiki ndio kitu kilichomsaidia zaidi ya chochote, na hakiko kwa kitabu chochote cha dawa.

Kitanda: hapa nilitumia vitu vya ile tiba ya kubadilisha tabia za usingizi, ambayo ndio huwa ya kwanza kwa watu wazima wenye shida ya kukosa usingizi na imejaribiwa kwa wajawazito ikasaidia. Kuamka saa moja kasoro kila siku, hata kama usiku ulikuwa mbaya, bwana akirudi amkute ameamka. Usingizi wa mchana nusu saa na usipite saa tisa. Kitandani aingie akisikia macho mazito, na kama usingizi umekataa kwa muda anaokisia ni dakika ishirini (bila kuangalia saa) atoke akae kwa kiti akunje nguo za duka, taa hafifu, arudi ukija. Simu ilale kwa mama mkwe. Ile sehemu kali ya hiyo tiba, ya kubana saa za kulala sana, sikuigusa, mjamzito mwenye upungufu wa damu anayevuka barabara Gikomba asubuhi hahitaji kuongezewa kusinzia mchana. Kwa miguu, kunyoosha misuli ya nyuma ya mguu akiegemea ukuta kabla ya kulala, na beseni la maji baridi usiku ikizidi. Leso nene imekunjwa katikati ya magoti.

Matokeo hayakuja pamoja. Kuamka-amka usiku kulipungua haraka, kwa siku chache tu, nadhani ni mfereji kufungwa na simu kuondoka. Miguu haikusikia hayo yote, iliendelea, ikaanza kupoa kama wiki tatu baada ya chuma kupangwa vizuri, na kwa kuwa ilipoa peke yake wakati mambo mengine yalikuwa yametulia kitambo, naamini ilikuwa ni chuma na kuacha vile vidonge. Wiki ya 35 hemoglobini ilikuwa 11.2. Alikuwa anapata kama saa sita za usingizi, anaamka mara mbili kukojoa, na bado alikuwa na usiku mmoja mbaya hapa na pale. Hakufika mahali pa kulala kama mtoto mchanga (ambao pia hawalali, sijui huo msemo ulitoka wapi).

Alijifungua salama, muda ukiwa umetimia. Miguu ikanyamaza siku chache baadaye, na hiyo ni kawaida yake, wengi huisha baada ya kujifungua, ingawa aliyeipata mimba moja ana nafasi kubwa ya kuipata tena mimba nyingine. Ndio maana kwa kijitabu chake, pale nafasi ya maelezo, daktari aliandika feritini ya 9 na tarehe, ndio mimba ya tatu ikija isianzie wiki ya 29. Chuma ameendelea nacho baada ya kujifungua, na uzazi wa mpango walichagua kabla hajatoka wodini ndio akiba ipate muda wa kurudi.

Feritini haiko kwa vile vipimo vya kawaida vya kliniki ya wajawazito, huwa ni hemoglobini peke yake, kwa hivyo yeye aliilipia kwa maabara ya nje na haikuwa pesa kidogo kwa mtu wa mitumba. Kama miguu yako inafanya hivi jioni, uliza kuihusu kwa jina. Na kama huna hizo pesa mwambie anayekuhudumia dalili zenyewe zilivyo: zinaanza ukitulia, zinazidi jioni, zinaisha ukitembea. Hiyo picha peke yake, na hemoglobini iliyo chini ya 11, inatosha kuanzisha mazungumzo ya dozi ya chuma. Lakini ukiona kichwa kinauma sana na macho yanaona ukungu, uso na mikono kuvimba, ama mtoto amepunguza kucheza, hiyo si habari ya usingizi tena, nenda hospitali usiku huo huo, usingoje kliniki.

Chai amerudia. Saa sita mchana, kikombe kimoja, na mama mkwe amerudi nyumbani kwake lakini bado anapiga simu kuuliza.